Mikoba ya Batman iko kwa Terry, iacheni hapo hapo

Kwa wahariri na wakuu wa DC, wachapishaji wa vitabu vya Batman, Burbank, California

Ndugu wahariri,

Nawasalimu kutoka Ngamiani, Tanga. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, kazi yangu fundi cherehani, na barua hii naiweka wazi ili wasomaji wenzangu wa Kiswahili waione na waongeze lao wakipenda. Inahusu Terry McGinnis, Batman wa Neo-Gotham, lile jiji la Gotham la siku zijazo, aliyerithi vazi kwa Bruce Wayne, Batman wa kwanza. Ombi langu nalitanguliza, ili hata atakayeishia hapa awe amelipata: Bruce Wayne mliyemuua mwaka 2021 msimfufue, na vazi alilonalo Terry msimvue tena.

Kwa wasiomjua Terry, nieleze kidogo. Tarehe 10 Januari 1999 Kids' WB, idara ya watoto ya runinga ya WB ya Marekani, ilianza kuonyesha katuni ya Batman Beyond. Walioitunga, Bruce Timm, Paul Dini na Alan Burnett, walishajijengea jina kwa katuni ya Batman iliyoanza mwaka 1992. Wakubwa wa runinga walitaka Batman kijana atakayewavuta watoto. Watungaji wangeweza kumpunguzia Bruce Wayne umri, wakampeleka sekondari, kazi ikaisha. Wao wakamzeesha. Wakampa mvi, fimbo, moyo mgonjwa, mbwa mkali aitwaye Ace, na jumba kubwa lenye giza anamoishi peke yake. Halafu wakamleta kijana wa watu mlangoni pake.

Sehemu ya kwanza naikumbuka mpaka leo. Bruce ameshapita umri wa kazi ile. Amevaa vazi jipya jeusi lenye popo mwekundu kifuani, amekwenda kumwokoa binti aliyetekwa. Katikati ya ugomvi moyo unambana, jambazi anamzidi nguvu, na mkono wa Bruce unaangukia bastola. Anaielekeza kwa yule mtu. Hafyatui, lakini kuielekeza tu kunatosha, jambazi anatimua mbio. Bruce anabaki anaitazama ile bastola mkononi mwake, yeye ambaye wazazi wake waliuawa kwa bastola mbele ya macho yake akiwa mtoto. Anaiachia ianguke. Anarudi pangoni, maskani yake ya siri, anaweka vazi, anazima taa, anasema hatarudia tena. Miaka 20 inapita hivyo kabla Terry hajatokea.

Hakuna aliyemfukuza kazi. Aliona mwenyewe mkono umeanza kwenda kusikotakiwa, akakaa pembeni. Mimi Bruce nilimpendea hapo kuliko kwenye ngumi zake zote.

Nilikuwa na miaka 12 nilipoiona, kwenye kibanda cha video, kwa DVD. Mwenye kibanda aliiweka mchana kabla ya mpira, na sisi watoto tulijaa kwa shilingi hamsini hamsini. Kiingereza wengi hatukukijua, kaka mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyetutafsiria kwa sauti. Ubishi ulikuwa mmoja tu: stelingi nani? Katika picha tulizozizoea stelingi ni mmoja, na stelingi hafi. Hapa walikuwa wawili. Mmoja yuko hewani juu ya jiji anapigana, mwingine amekaa pangoni mbele ya mitambo na fimbo yake, anaongea ndani ya sikio la mwenzake. Anamwonya, anamkemea, anamfundisha adui huyu alishindwa vipi miaka ile. Kijana anajibu kwa utani, mzee hacheki. Kwangu mimi ile sauti ndogo ya sikioni ndiyo iliyokuwa Batman Beyond, zaidi ya magari yanayoruka na maghorofa yasiyo na mwisho.

Naomba nisimulie jambo la nyumbani, kwa sababu bila hilo hamtanielewa.

Cherehani nilifundishwa na babu mzaa mama. Nilipoanza kukalia kiti chake, macho yake yalishafunikwa na mtoto wa jicho. Akawa anakaa barazani nyuma ya mgongo wangu na kikombe chake cha kahawa. Nilichoshona hakukiona, lakini aliisikiliza mashine. Ikibadili mlio anasema, "Uzi wa juu umekaza, legeza." Au, "Sindano hiyo butu, toa." Hakukosea hata siku moja, na kuna siku alinichosha, nikatamani anyamaze. Alipofariki, tukamaliza arobaini, nikafungua duka. Nilikuwa naunga mfuko wa suruali ya shule, kaki, mlio ukabadilika, nikasimamisha mguu kwenye kanyagio na kusubiri. Nilisubiri kweli, labda dakika nzima. Kisha nikalegeza uzi mwenyewe.

Miaka kadhaa baadaye ndipo nikaja kusoma Neo-Year, hadithi ya Terry aliyebaki bila Bruce. Nitafika huko, lakini kwanza lazima niseme kuhusu njia mliyotupitisha.

Katuni ya runinga iliisha Desemba 2001, baada ya sehemu 52. Vitabu vya picha vilianza nayo pamoja, 1999, kwanza matoleo 6, halafu mfululizo wa matoleo 24, na aliyebeba mzigo mkubwa wa uandishi ni Hilary J. Bader, ambaye aliiandikia pia katuni yenyewe. Hadithi zake zilikuwa fupi, kila toleo na kisa chake, na Craig Rousseau alizichora kwa mistari safi ile ile ya runingani, kiasi kwamba ukifumba macho unasikia muziki. Bader alifariki mwaka 2002. Ikawa kimya cha miaka mingi mpaka 2010, Adam Beechen na Ryan Benjamin walipomrudisha Terry. Mwaka 2012 ikaja Batman Beyond Unlimited, ambamo Norm Breyfogle, mkono uliomchora Batman tangu miaka ya 1980, alimchora Terry. Breyfogle ametutoka mwaka 2018. Kurasa zile ninazo, nimezifunika kwa nailoni.

Mwaka 2013 Kyle Higgins na Thony Silas wakaturusha mwaka mmoja mbele: Terry yuko chuo, hawaelewani na Bruce, na anayezungumza sikioni mwake sasa ni Dick Grayson, Robin wa kwanza, yaani kijana msaidizi wa Batman, naye keshakuwa mtu mzima. Mwanzoni nilichukia. Nikasoma tena nikaona uzito wake. Ilikuwa mara ya kwanza kijana huyu kuchagua mwenyewe sauti ya kuisikiliza.

Halafu mkamuua.

Hadithi yenu ya Futures End ilitoka kila wiki, kuanzia Mei 2014 hadi Aprili 2015. Mlimtoa Terry kwao, mkamrudisha nyuma katika wakati ili amzuie Brother Eye, ule mtambo wenye akili uliogeuza mashujaa kuwa vyuma, na mapema 2015 akafia huko huko, miongo kadhaa mbali na mama yake, na mdogo wake Matt, na mpenzi wake Dana. Vazi akapewa Tim Drake. Mwezi wa sita likatoka toleo namba 1, juu ya jalada limeandikwa Batman Beyond, na ndani Terry hayumo.

Vitabu hivi dada yangu anayefanya kazi Muscat hunitumia akipata mtu anayekuja. Mwanawe niko naye mimi. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, na Terry alimjua kama anavyowajua wachezaji wa Coastal Union. Alilichukua lile toleo kabla yangu, akalala nalo kifudifudi kwenye mkeka, akafungua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akafungua tena. Kisha akauliza, "Mjomba, Terry yuko wapi?" Nikamwambia amesafiri. "Atarudi lini?"

Ningemjibu nini?

Sina ugomvi na Tim Drake. Ni Robin wa tatu, na aliipata nafasi yake kwa akili, kwa kung'amua mwenyewe Batman ni nani. Lakini Tim ni mtoto wa nyumba ile. Alilelewa kwenye kazi, anazijua desturi zake. Terry alitoka nje. Alishapitia jela ya watoto, alikuwa anapigana ovyo, baba yake Warren aliuawa kwa sababu ya uchafu wa kampuni ya Derek Powers, na siku ya kwanza vazi hakupewa, aliliiba. Bruce alipojua alizima nguvu ya vazi kutoka pangoni, Terry akiwa katikati ya kipigo, akabaki kama kinyago. Alilirudishia nguvu baada ya kusikiliza sababu ya kijana. Uaminifu wao ulijengwa kutoka pale, pigo kwa pigo. Mlipomkabidhi Tim vazi lile mliirudisha ndani ya familia kazi ambayo thamani yake ilitokana na kutoka nje ya familia.

Mwaka 2016 mkamrudisha. Kumbe alikuwa hai, akili yake imechezewa na adui yake Spellbinder. Tulifurahi, siwezi kuficha. Mpwa wangu alikimbia na kitabu mkononi mpaka kwa jirani. Na Dan Jurgens akaandika matoleo 50 hadi 2020, akampa hata Matt nafasi ya kuwa Robin. Shukrani kwa hilo mnastahili. Ila tangu siku ile mpwa wangu, kila mtu akifa kwenye vitabu vyenu, haulizi amekufaje. Anauliza, "Huyu naye amesafiri?"

Ndiyo maana kifo cha Bruce mwaka 2021 kilinikuta nimejikinga. Katika Batman: Urban Legends, toleo la 7, Collin Kelly na Jackson Lanzing waliandika, Max Dunbar akachora: mzee ameuawa, na Terry amebaki. Mwaka uliofuata watatu hao wakatoa Neo-Year, matoleo 6. Adui ni jiji lenyewe, akili iliyoamka ndani ya mitambo ya Neo-Gotham na kuamua kwamba haimtaki Batman. Terry hana mtu pangoni. Kwa zaidi ya miaka 20 tulizoea kwamba kabla hajageuka kuna mtu ameshamwambia ageuke. Sasa hakuna. Kila mtambo unaomzunguka una macho na masikio, na yote ni ya adui.

Niliisoma usiku dukani, umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Nilimwona anakosea, anachelewa, anapigwa mahali ambapo zamani asingepigwa, na kisha anaanza kubahatisha njia zake mwenyewe. Nilimjua. Nilikuwa nimewahi kusimamisha mguu kwenye kanyagio namna hiyo. Neo-Gothic ya 2023 ikampeleka chini, kwenye mabaki ya Gotham ya zamani iliyofukiwa na jiji jipya, akiongozana na Kyle, kijana mwenye umbo la paka. Nikasema, hapa wamepata. Bruce alikufa nayo Gotham yake, na mrithi anapita juu ya mifupa yake kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo hofu yangu ni tabia yenu. Superman alikufa 1992, akarudi 1993. Jason Todd, Robin wa pili, alikufa 1988, akarudi 2005. Bruce mwenyewe tulidhani kafa mwaka 2008, na mwaka 2010 akawa amesharejea. Najua kuna Bruce Wayne mwingine, kijana, anayetoka kila mwezi katika vitabu vyenu vingine, na huyo sina neno naye. Nazungumzia yule mzee wa fimbo. Siku moja mauzo yatashuka, mtu atasimama kwenye kikao aseme, "Turudisheni mzee," na wenzake watatikisa kichwa kwa sababu ni wazo linaloeleweka haraka. Namwandikia mtu huyo kabla hajasimama.

Ndugu yangu, swali hilo katuni yenyewe ilishalijibu. Mwaka 2000 katika sehemu iitwayo Out of the Past, Talia, mpenzi wa zamani wa Bruce, anakuja kwa Bruce mzee akiwa mbichi kama zamani, anampa dimbwi la Lazaro linalorudisha ujana. Bruce anakataa, kisha mwili unamsaliti mbele ya hatari, anakubali. Anatoka dimbwini na misuli na nywele nyeusi. Na mwisho wake? Anagundua kwamba ndani ya mwili wa Talia anaishi baba yake, Ra's al Ghul, aliyemwibia binti yake mwili ili asife, na sasa anautaka wa Bruce. Timm na wenzake walituonyesha mzee asiyekubali kuondoka anageuka kitu gani: anakula watoto wake. Mkimfufua Bruce mtakuwa mnamtia kwenye dimbwi lile lile.

Kuna na jambo la Kevin Conroy. Sauti ya Bruce tangu 1992 ilikuwa yake, kijana na mzee, na alifariki tarehe 10 Novemba 2022 akiwa na miaka 66, mwaka ule ule wa Neo-Year. Kitabu hakina sauti, lakini nadhani wengi wetu tulioanzia runingani tuliyasoma maneno ya Bruce kwa koo la Conroy, lile zito, linaloshuka mwishoni mwa sentensi. Nyie mlikuwa mmeshamlaza Bruce wa Neo-Gotham mwaka mmoja kabla. Hamkupanga hivyo, lakini imekaa vizuri, kwa heshima. Msiiguse.

Tena Terry hahitaji kushikwa mkono. Katika Return of the Joker, filamu ya 2000, Bruce amejeruhiwa na Terry anakutana ana kwa ana na Joker, adui mkubwa wa Bruce. Bruce alimwonya asimsikilize Joker, azibe masikio, apige tu. Terry akafanya kinyume. Akaongea. Akamcheka usoni, akamwambia miaka yote ile alishindwa kumchekesha Bruce, akamdhihaki mpaka Joker akachanganyikiwa kwa hasira. Batman anayecheka! Bruce asingeweza, kwa sababu hakuwa na kicheko ndani yake. Terry alikuwa nacho, alikitoa nyumbani kwa mama yake, shuleni, mtaani. Silaha hiyo hakurithi pangoni.

Najua mtaniletea Epilogue, ile sehemu ya katuni ya Justice League Unlimited ya 2005, iliyosema kwamba kwa damu Terry ni mwana wa Bruce, kwa hila za Amanda Waller, mkubwa mmoja wa serikali. Mtasema basi ni ukoo ule ule. Iangalieni tena. Waller anakiri kwamba alipanga hata wazazi wa Terry wauawe mbele yake akiwa na miaka minane, ili apatikane Bruce wa pili kamili, na aliyetumwa akashindwa kuitenda kazi ile. Mpango ukaachwa. Terry akakua na wazazi, na bado, ilipofika siku yake, akalichagua vazi. Waller mwenyewe anamwambia yeye si Bruce, ana maisha yake ya kuamua. Naye anatoka pale akiwa tayari kumposa Dana.

Tupelekeni huko, basi. Terry ameshikiliwa kwenye umri wa kijana anayechelewa darasani kwa muda mrefu mno. Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa, sasa ni kijana mzima, ananyoa ndevu kila Ijumaa, na amempita Terry umri. Mpeni mahari ya kutafuta, mpeni kodi ya nyumba, mpeni mama anayezeeka. Max Gibson, aliyeijua siri yake mapema na kumsaidia kwa kompyuta, msimweke akiba kwa ajili ya kubofya tu. Dana msimtoe kila mnapotaka kumwongezea Terry majonzi. Akitokea siku moja kijana mwingine mlangoni, hapo tutaona Terry anakaa upande gani wa sikio, lakini hilo si la mwaka huu wala mwakani. Kwanza mwacheni afanye kazi peke yake mpaka tuzoee ukimya.

Hili la mwisho si langu, ni la mpwa wangu, ameniomba niliandike kama alivyolisema. Matt alishavaa vazi la Robin, alishapigana, halafu hadithi ikasonga. Anataka kujua: dogo alipoambiwa mzee Bruce amefariki, alikuwa wapi, na nani alimwambia? Kurasa mbili zinatosha, anasema. Atasubiri.

Msomaji wenu,
Fundi wa Ngamiani, Tanga